Mahatma Gandhi na Hofu Yake

Mohandas Gandhi, aliyezaliwa Porbandar mwaka 1869, utotoni aliogopa giza, wezi, mizimu na nyoka. Yaya wao, Rambha, alimfundisha kulitaja jina la Rama kila hofu ilipomjia. Hata alipokuwa wakili Bombay, alisimama mahakamani, ulimi ukamganda, akaketi na kurudisha ada.

Mwaka 1893 alipita Lamu, Mombasa na Zanzibar akielekea Afrika Kusini. Pretoria akatoa hotuba yake ya kwanza ya hadhara, juu ya ukweli katika biashara (nasi wenye maduka yatuhusu). Wanasayansi wa leo hueleza kwamba marudio hujenga njia mpya ubongoni. Bibi zetu wa Kilosa na Mikumi, tasbihi mkononi, walilitenda hilo bila kulipa jina.

Uzeeni alinyamaza kila Jumatatu. Aliuawa Delhi, 30 Januari 1948, akienda kusali.