Golgi, Mtu wa Jikoni

Mwaka wa pili nilipata sapu ya baiolojia ya seli, na swali lililoniangusha nalikumbuka mpaka leo: Golgi inafanywaje seli inapogawanyika? Nikaandika kwamba inakatwa katikati, kila seli inabeba nusu yake, kama watu wawili wanaogawana chapati. Sifuri. Likizo ile wenzangu wakaenda makwao, mimi nikabaki hosteli na madesa, na kwa hasira nikaanza kumtafuta huyo Golgi mwenyewe ni nani.

Camillo Golgi alizaliwa tarehe 7 Julai 1843 katika kijiji cha Corteno, milimani kaskazini mwa Italia, mtoto wa daktari. Naye akasomea udaktari, Pavia. Mwaka 1872 akakubali kazi katika hospitali ya wagonjwa wa kudumu huko Abbiategrasso, na huko maabara haikuwapo. Basi akageuza jiko kuwa maabara. Mle jikoni, 1873, vipande vya ubongo vilivyokazwa kwa dikromati ya potasiamu akavitia kwenye nitrati ya fedha, na seli chache zikageuka nyeusi, nzima nzima, na matawi yake yote. Uzuri wote uko kwenye hilo neno chache. Zingeshika rangi zote, angeona weusi mtupu.

Alirudi Pavia akawa profesa. Sisi tunaoijua malaria kwa kuugua tuna deni kwake: ndiye aliyeonyesha, 1885 na 1886, kwamba homa hupanda pale vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu kwa pamoja.

Mwaka 1898, akichunguza seli za neva za bundi, akaona ndani ya seli kitu kama wavu kuzunguka kiini. Wengi hawakuamini. Walisema ni uchafu wa ile fedha yake, hakuna wavu wowote. Ubishi ukaendelea, na yeye akafariki Pavia tarehe 21 Januari 1926 kabla haujaisha. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyoumaliza, miaka ya 1950.

Lakini jamani, tusimfanye malaika. Aliamini neva zote za ubongo zimeshikana kuwa mtandao mmoja. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akatumia rangi ile ile ya Golgi kuonyesha kwamba kila seli inajitegemea. Wakapewa Nobel pamoja, 1906, na Golgi akaitumia hotuba yake ya Stockholm kumpinga mwenzake. Mimi hapo ndipo nilipompenda. Mtu mkubwa hivyo, na bado mbishi wa kukosea!

Sasa swali langu. Golgi ni tando bapa zilizopangwa, kweli kama chapati juu ya sahani, na kati ya zinazozishikilia ni protini ziitwazo GRASP65 na GRASP55. Katika seli za wanyama kama sisi, mgawanyiko ukianza, vimeng'enya huzibandika protini hizo fosfati, nazo huachia. Chapati zinaachana, kisha zinavunjika kuwa vifuko vidogo vidogo vinavyosambaa kwenye seli. Kila seli mpya inapata fungu lake la vipande hivyo. Mgawanyiko ukiisha, vimeng'enya vingine huziondoa fosfati, protini za p97 na NSF husaidia vifuko kuungana kuwa tando tena, na GRASP zinazishika upya. Kwa hiyo hakuna anayekata nusu. Inabomolewa yote, halafu inajengwa mara mbili.

Ingekuwa hai, nadhani Golgi angekataa kwanza, kisha angeomba hadubini.

Sapu niliifanya Septemba. Nilikuwa nimejiandaa kuchora hadi fosfati. Swali la Golgi halikutoka.