George na Rose Grenfell: jamaa iliyofanya mashua kuwa nyumba

Tunapotaja watu walioleta Habari Njema katika nchi yetu, mara nyingi tunataja jina la mwanaume mmoja tu. Bibi yake tunamsahau. Wasaidizi wake Wakongo tunawasahau pia. Leo tunataka kukumbuka maisha ya George Grenfell, mmisionari Mbatisti aliyefariki Basoko mwaka 1906. Lakini maisha yake hayaelezeki bila Mama Rose, bibi yake, wala bila mashua ya mvuke iliyoitwa Peace, yaani Amani. Kwa miaka mingi mashua hiyo ilikuwa kanisa lao, karakana yao, na tena nyumba yao.

Grenfell alizaliwa tarehe 21 Agosti 1849 katika Sancreed, kijiji cha Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, akakulia katika mji wa Birmingham. Wazazi wake walikuwa Waanglikana, lakini yeye alibatizwa kati ya Wabatisti akiwa kijana. Alifanya kazi katika duka kubwa la vyuma na mashine, na huko alijifunza mambo ambayo hayafundishwi katika chuo cha Biblia: jinsi chuma kinavyoungwa, jinsi injini inavyofanya kazi. Ajali ilimpotezea nuru ya jicho moja. Mtu huyu mwenye jicho moja ndiye aliyekuja kuchora ramani ya mto wetu.

Mwaka 1874 Shirika la Wamisionari Wabatisti lilimpokea, na alikwenda Kameruni kufanya kazi pamoja na mzee Alfred Saker. Alirudi Uingereza kuoa, na mwanzoni mwa mwaka 1876 alimuoa Mary Hawkes. Ndoa hiyo haikutimiza mwaka. Mary alifariki Kameruni Januari 1877, na Grenfell alibaki peke yake.

Hapo tunafika mahali ambapo waandishi wengi wa zamani walipita haraka. Katika nyumba ya misioni huko Kameruni alikuwako Rose Edgerley, mwanamke mweusi kutoka Jamaika, mzao wa watu waliochukuliwa utumwani. Mwaka 1878 Grenfell alikuwa amekwisha kuchaguliwa kuanzisha kazi ya Kongo pamoja na rafiki yake Thomas Comber. Ndipo ilijulikana kwamba Rose ana mimba yake, nao hawajafunga ndoa. Grenfell alijiuzulu. Alimuoa Rose huko Victoria, Kameruni, akajitafutia riziki kwa kazi ya biashara, huku Comber akiendelea Kongo bila yeye.

Hatuelezi jambo hili ili kumwaibisha mtu aliyelala zamani. Tunalieleza kwa sababu katika makanisa yetu kuna vijana wengi ambao, baada ya kuanguka hivyo, walikaa nyuma ya kanisa na hawakuitwa tena. Grenfell hakumkimbia Rose, wala hakumficha. Baada ya miaka karibu miwili ndugu zake walimrudisha kazini, mwaka 1880, akaanza kwa kazi ya chini: kutunza mizigo na vituo vya misioni karibu na mdomo wa mto. Petro naye alirudishwa, na kazi aliyopewa baada ya kurudishwa ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Mashua iliyobebwa kichwani

Tajiri mmoja wa mji wa Leeds, Robert Arthington, aliyeishi kama maskini ili apate kutoa kwa ajili ya misioni, alitoa paundi 1000 za kutengeneza mashua ya kwenda juu ya mto Kongo, na tena paundi 3000 za kuitunza. Grenfell alirudi Uingereza kusimamia kazi hiyo. Mashua ilitengenezwa Chiswick, kando ya mto Thames, katika kiwanda cha Thornycroft. Ilikuwa ya chuma cha pua, urefu wake futi 70, yaani karibu mita 21. Ilizama majini kidogo sana, ili iweze kupita juu ya mchanga. Tumbo lake liligawanywa vyumba saba visivyopitisha maji, ili jiwe likitoboa kimoja, vingine viishikilie isizame.

Baada ya kujaribiwa majini, ilifunguliwa yote na kufungwa katika mizigo 800 hivi, kila mzigo uzito wa mtu mmoja kubeba. Kati ya Matadi na Kinshasa mto hauwezi kupitika kwa sababu ya maporomoko, na reli ilikuwa bado. Basi mashua nzima ilipanda milima kwa vichwa na mabega ya wapagazi Wakongo, safari ya zaidi ya kilomita 300. Majina yao hayakuandikwa. Lakini tukisema Grenfell alileta mashua Kongo, tuseme pia kwamba ni Wakongo walioibeba.

Mafundi waliotumwa kutoka Uingereza ili kuiunga tena walifariki mmoja baada ya mwingine kwa homa. Grenfell hakungoja wengine. Yule kijana wa duka la vyuma sasa alishika nyundo mwenyewe, akaiunga pamoja na wafanyakazi Waafrika, kipande kwa kipande. Juni 1884 Peace iliteremshwa katika maji ya Stanley Pool, na injini ilipowashwa, ilikwenda.

Maisha juu ya maji

Wasomaji wetu wa Kisangani, Isangi na Basoko wanajua maisha ya mtoni, kwa hiyo hatuhitaji maneno mengi. Mashua ilikuwa na vyumba vidogo na jiko, na juu yake paa la kuzuia jua. Pande zake ziliwekewa wavu wa waya wa kuzuia mishale. Injini ilikula kuni, na kuni zilitafutwa kila siku. Jioni mashua ilifungwa ukingoni, vijana walishuka na mashoka na misumeno, wakakata miti iliyokauka, mara nyingi mpaka usiku. Asubuhi moto uliwashwa tena. Mtu mmoja alisimama mbele na mti mrefu akipima kina, maana mchanga wa mto Kongo huhama. Grenfell aliketi na dira na karatasi, akiandika kila kisiwa na kila kona.

Mwisho wa mwaka 1884 alifika Maporomoko ya Stanley, karibu na Kisangani ya leo. Njiani aliona vijiji vilivyochomwa na watu waliokimbilia katika mitumbwi, kazi ya watu wa Tippu Tip waliokuwa wakitafuta pembe na watumwa. Tippu Tip mwenyewe alionana naye huko. Sisi tunaosali kwa Kiswahili tusisahau kwamba lugha hii ilifika pande hizo kwa njia ya misafara hiyo. Mungu alichukua lugha ya njia ya watumwa akaifanya lugha ya sifa zake.

Mwanzoni mwa mwaka 1885 Peace ilipanda mto Ubangi mpaka maporomoko ya Zongo, mahali ambapo Wazungu wa wakati ule hawakuwa wamefika kwa njia hiyo. Na baadaye mwaka huo, Grenfell alipokwenda kutafuta njia ya mito Lulonga, Busira na Tshuapa pamoja na Mjerumani Curt von François, Mama Rose alikuwa ndani ya mashua, na binti yao mdogo Pattie pia. Mahali pengine walipokelewa kwa chakula, mahali pengine kwa mishale.

Tunatafakari jambo hili. Mashua nyingi zilizopanda mto wakati ule zilibeba bunduki na wanaume tu. Hii ilibeba mama mweusi na mtoto wake. Mtu anayekuja kupigana haji na mtoto mchanga na sufuria za kupikia. Grenfell alihubiri kwa mdomo, lakini jamaa yake ilihubiri kabla hajafungua mdomo. Hivi ndivyo Akila na Prisila walivyofanya: nyumba yao ilihama pamoja nao, na kila walipofika, palikuwa na kanisa.

Mama Rose aliendelea hivyo miaka yote. Bolobo ilipokuwa kituo chao, aliishi na wasichana na watoto waliokombolewa utumwani. Grenfell alipoitwa kusaidia kuweka mpaka kati ya Kongo na Angola upande wa Kwango, kati ya 1891 na 1893, alikwenda pamoja naye katika safari hiyo ngumu ya nchi kavu. Walizika watoto wao katika udongo wa Afrika. Pattie, yule mtoto wa mashuani, alisoma Ulaya, akarudi kusaidia kazi ya misioni, akafa kwa homa mwaka 1899.

Kati ya watoto waliopokelewa nyumbani mwao alikuwako Disasi Makulo, mzaliwa wa pande za Aruwimi. Alikamatwa na watu wa Tippu Tip akiwa mdogo, akakombolewa na Stanley mwaka 1883, na baadaye akafika mikononi mwa Grenfell. Alisafiri naye mtoni, akajifunza kusoma na kufanya kazi ya injini. Alipokuwa mtu mzima alirudi kwa watu wake mwenyewe kama mhubiri, akaanzisha kazi ya Yalemba. Hilo ndilo tunda ambalo ramani haikuweza kuonyesha.

Ramani na macho

Ramani ya Grenfell ilimpatia medali ya Shirika la Kifalme la Jiografia la London mwaka 1887. Lakini wenye nguvu waliona faida yake pia. Mwaka huo huo Stanley alidai mashua kwa ajili ya msafara wake wa kumtafuta Emin Pasha, naye akaipata. Mwaka 1890 Serikali Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya mfalme Leopold II, iliitwaa Peace kwa nguvu, ikairudisha baada ya malalamiko. Mito ambayo Grenfell aliifungua kwa Injili ilifuatwa na mashua za kutafuta mpira.

Mwaka 1896, malalamiko ya ukatili yalipoanza kusikika Ulaya, Leopold aliunda tume ya kuwalinda wenyeji, na Grenfell akawekwa kuwa mwandishi wake. Wanatume waliishi mbali sana mmoja na mwingine, na mbali na sehemu za mpira, wala hawakupewa nguvu yoyote. Ilikuwa tume ya karatasi. Grenfell alimwamini mfalme. Alikuwa ameona uovu wa wauza watumwa kwa macho yake, akadhani serikali iliyowafukuza haiwezi kuwa mbaya kuliko wao. Wengine walisema mapema kuliko yeye. Mwenzake wa Bolobo, A. E. Scrivener, alikwenda mwaka 1903 mpaka sehemu za mpira, akaandika aliyoyaona: watu waliopigwa risasi na vijiji vilivyobaki vitupu. Ndipo Grenfell alipokubali kwamba alidanganywa. Huzuni hiyo alibaki nayo mpaka kaburini.

Tuseme wazi: huyu alikuwa mtu mwema, na kunyamaza kwake kuliwasaidia waovu. Mambo hayo mawili ni kweli pamoja. Sisi wa mashariki tunaijua hali hii. Leo hakuna mpira, lakini kuna madini, na wakubwa wanaotoa mabati ya kanisa. Mchungaji anayepokea zawadi ya mwenye nguvu aulize imetoka wapi. Na tusimwamini mtu kwa sababu tu amemfukuza adui wetu wa zamani.

Mwisho mashariki

Ndoto ya mwisho ya Grenfell ilikuwa kuelekea kwetu. Alitaka vituo vya Wabatisti vifuatane kando ya mto, kutoka Yakusu kuendelea mashariki, mpaka vikutane na Waanglikana waliokuwa wakija kutoka Uganda. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya alikuwa amekwisha kufika Mboga, katika Ituri. Mwaka 1902 Grenfell alipanda Aruwimi mpaka Mawambi, akakaribia mpaka wa Uganda. Lakini serikali ilikuwa ikiwanyima Waprotestanti viwanja kwa miaka mingi, na mnyororo haukuungwa akiwa hai.

Katikati ya mwaka 1906, alipokuwa katika kazi ya Yalemba, homa ya mkojo mweusi ilimshika. Vijana Wakongo walimweka katika Peace na kumpeleka Basoko. Huko alifariki tarehe 1 Julai 1906, akiwa na miaka 56, na vijana hao ndio waliokuwa kando ya kitanda chake. Walimzika Basoko, pale Aruwimi inapoingia katika mto Kongo.

Mashua ile haipo tena. Makanisa yapo: Wabatisti wa mto Kongo, Waanglikana wa Boga, na sisi wengine wote tulio chini ya jina moja la Kanisa la Kristo katika Kongo. Mnyororo ambao Grenfell hakuuona umeungwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na mashua wala medali, mume na bibi waliotembea kwa miguu na sufuria na Biblia.

Basi tuwaombee wachungaji na wainjilisti wanaohamishwa pamoja na jamaa zao, wakati huu wa vita na kukimbia. Tuwakumbuke hasa wamama, ambao majina yao hayaandikwi katika ripoti. Na ikiwa katika kusanyiko lako kuna ndugu aliyeanguka, akatubu, na bado anaketi nyuma akingoja kuitwa, nenda kwake juma hili. Mito ya Kongo ilipandwa na watu wawili ambao kanisa lingeweza kuwatupa.