Mwalimu Aliyetutungia Tuni ya Usiku wa Krismasi

Krismasi inapokaribia vinanda huanza kusikika tena hapa Maisaka, makanisani na redioni. Kati ya tuni zote, moja iliyo tulivu huzitangulia nyingine: tuni ya wimbo wa Usiku Mtakatifu. Tumeiimba tangu utotoni, lakini wachache wetu wanamjua aliyeitunga. Tumeona vema kuwasimulia habari zake.

Franz Xaver Gruber alizaliwa tarehe 25 Novemba 1787 katika kijiji kimoja cha Austria, mtoto wa wafumaji wa nguo. Naye alifuma kwanza, huku akijifunza muziki kwa mwalimu wa shule ya kijijini. Baadaye akawa mwalimu, na mwaka 1807 alianza kazi katika shule ya Arnsdorf. Siku zile mwalimu wa kijiji ndiye pia aliyepiga kinanda ibadani. Tangu 1816 Gruber alipiga kinanda hata katika kanisa la Mtakatifu Nikolao, Oberndorf, jirani na pale.

Tarehe 24 Desemba 1818, padre msaidizi wa kanisa hilo, Joseph Mohr, alimpa shairi alilolitunga mwaka 1816, akamwomba alitilie tuni ya sauti mbili na gitaa. Gruber aliimaliza siku ile ile. Usiku wakaiimba: padre sauti ya juu na gitaa mkononi, mwalimu sauti ya chini, kwaya ikiitikia.

Husimuliwa kwamba panya walikuwa wamekitafuna kinanda cha kanisa. Lakini Gruber alipoandika maelezo yake hakutaja panya, wala ubovu wa kinanda.

Fundi wa vinanda, Karl Mauracher, aliichukua tuni hiyo mpaka kwao Zillertal, na familia za waimbaji, Strasser na Rainer, zikaieneza Ujerumani na Marekani. Jina la mwalimu halikusafiri nayo. Wengine walidhani ni kazi ya Haydn, au ya Mozart. Mwaka 1854, baada ya kuulizwa kutoka Berlin, Gruber aliandika kwa mkono wake jinsi ilivyokuwa. Alikuwa na umri wa miaka 67. Padre Mohr alikuwa amekwisha kufa mwaka 1848, akiwa maskini.

Gruber alifariki tarehe 7 Juni 1863 mjini Hallein, alikokuwa akipiga kinanda na kuongoza kwaya tangu 1835.

Basi, ndugu zetu, umeme ukikatika usiku wa mkesha na kinanda kikanyamaza, tusivunjike moyo. Wimbo huu ulianza kwa watu wawili na gitaa moja. Tena tusingoje hadi wanaotufundisha nyimbo wawe wazee, ndipo tuulize ni kazi ya nani. Tuwataje kwa majina na kuwashukuru wangali nasi.

Tunawatakia Krismasi njema.