Berkeley Cole, mlowezi aliyejua kuonja mvinyo

MSAFIRI atokaye Nakuru kuelekea Gilgil huliona Ziwa Elmenteita upande wake wa kulia. Maeneo ya Kekopey ndiko lilikokuwa shamba la Galbraith Cole, mlowezi wa asili ya Ireland. Jirani yake, huko Soysambu, alikuwa shemeji yake Lord Delamere, aliyemwoa Florence Cole mwaka 1899. Wawili hao wametajwa mno katika historia ya Bonde la Ufa, kwa wema na kwa ubaya. Galbraith alifukuzwa nchini mwaka 1911 baada ya kumpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo, ingawa baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limemwachilia.

Ndugu yao, Berkeley Cole, anakumbukwa kwa jambo tofauti kabisa. Huyu alijua mvinyo.

Alizaliwa mwaka 1882, mwana wa Earl wa Enniskillen, akapigana vita vya Makaburu huko Afrika Kusini kabla ya kuhamia Kenya na kupata shamba Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwembamba, mwenye nywele nyekundu. Kimaasai alikizungumza vizuri, na wazee wa Kimaasai walimwendea wakapiga naye soga za zamani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914 aliongoza kikosi cha wapelelezi wa farasi kilichokuwa na Wasomali wengi. Kabla ya hapo, mwaka 1913, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Klabu ya Muthaiga jijini Nairobi, na baadaye akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria.

Hata hivyo, sifa yake imehifadhiwa hasa na Karen Blixen, Mdenishi aliyelima kahawa karibu na milima ya Ngong, katika kitabu chake Out of Africa cha mwaka 1937. Berkeley na rafiki yake Denys Finch Hatton walikuwa wageni wa kila mara nyumbani humo. Wao ndio walioleta mvinyo, na wakajitwika kazi ya kumfundisha mwenyeji wao kuutambua ulio bora. Hawakumkabidhi orodha ya majina akaikariri. Walikaa naye mezani, jioni baada ya jioni, chupa moja ikifuata nyingine.

Alipokuwa mgeni huko, Berkeley alikuwa na desturi ya kunywa chupa ya shampeni msituni kila siku saa tano asubuhi. Siku moja alilalamika kwamba bilauri walizotumia zilikuwa nzito, za kawaida mno. Mwenyeji alijitetea kuwa nzuri zimebaki chache, na ya nini kuzivunja porini? Berkeley alihuzunika, na tangu siku hiyo bilauri bora kabisa za nyumba zikawa zinapelekwa msituni.

Wengi wataliona jambo hilo kuwa madaha ya kibwanyenye, na kwa kiasi fulani wana haki. Lakini palikuwa na hoja ndani yake. Bilauri nyembamba yenye mdomo uliokunjamana kidogo hukusanya harufu, na sehemu kubwa ya utamu wa mvinyo huingilia puani. Mnywaji wa leo asiye na shamba wala cheo anaweza kujifunza kwa njia ile ile: afungue chupa mbili za aina tofauti pamoja na rafiki zake, aonje hii kisha ile, aseme kwa maneno yake mwenyewe ipi imempendeza. Na akiwa dukani aiache chupa iliyosimama dirishani juani, hata kama bei yake inavutia, kwa kuwa joto huuharibu mvinyo.

Kuna upande mwingine ambao masimulizi ya anasa hizo huupita haraka. Jama, mtumishi wa Berkeley, na Farah, aliyesimamia nyumba ya Blixen, walikuwa Wasomali Waislamu. Dini ndiyo iliyowaweka mbali na chupa. Mkikuyu aliyefanya kazi katika nyumba hiyo hiyo alizuiwa na serikali. Sheria za kikoloni zilikataza Waafrika kuuziwa vileo vya Kizungu, na hata bia ya chupa haikuruhusiwa kwao hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kuchagua kinywaji, jambo dogo hivyo, kulikuwa haki ya rangi moja.

Moyo ulimsumbua Berkeley kwa muda, naye hakuwa mtu wa kutii daktari. Alifariki mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 42 hivi. Filamu ya mwaka 1985 iliyotokana na kitabu cha Blixen ilimuua kwa homa ya maji meusi. Ukweli ni kwamba moyo ndio uliosimama.

Alikunywa mvinyo uliotoka ng'ambo. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, zabibu za mvinyo zilianza kupandwa karibu na Ziwa Naivasha, mwendo mfupi kutoka lilipokuwa shamba la kaka yake, mahali palipo takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Karibu na Ikweta hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima huukata matawi ili upumzike kisha uchipue tena. Mvinyo mmojawapo wa huko umepewa jina Leleshwa, kichaka chenye majani ya rangi ya fedha ambacho kila mchungaji wa Bonde la Ufa anakijua.