Salme hakuwa mtoro wa mapenzi tu



Natoa maoni yangu kuhusu Binti Salme wa Unguja. Kila anapotajwa, watu hukimbilia habari za mapenzi yake na Mjerumani, kana kwamba maisha yake yalianza siku alipopanda meli. Kabla ya hapo alikwisha kushiriki katika njama ya kumpindua Sultani, tena akiwa na umri wa miaka kumi na mitano tu.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Wasichana wa jumbani siku hizo walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Mwanawe Majid akashika Unguja, na Thuwaini akashika Maskati. Ndugu yao Barghash hakuridhika, na mwaka 1859 akapanga kunyakua kiti. Salme alikuwa amefiwa na mama yake mwaka huo huo kwa kipindupindu. Aliyemvuta katika njama hiyo ni dada yake Khole, ambaye alimpenda mno. Na kwa kuwa alijua kuandika, barua za njama zikawa kazi yake, zikiwemo za kuagiza silaha. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa katibu wa uasi. Barua moja tu ingenaswa, mwandiko ungemtaja yeye, si Barghash.

Askari wa Majid walipoizingira nyumba ya Barghash, Salme na Khole walikwenda usiku pamoja na kundi la wanawake, wakawapita walinzi, wakamtoa kaka yao akiwa amevikwa nguo za kike. Barghash akakimbilia shamba la Marseilles, ambako wafuasi wake walikuwa wamejikusanya. Hawakufika mbali. Waingereza walimsaidia Majid kwa manowari na askari wao, uasi ukazimwa, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme hakuadhibiwa, alikwenda kukaa shamba.

Je, yale yalikuwa mapinduzi? Nasema hapana, kama neno hilo lina maana ya wanyonge kujikomboa. Angeshinda Barghash au Majid, mtumwa wa shamba la karafuu angebaki mtumwa. Hata sisi wa huku Ugogo tulihusika na utajiri ule: misafara ya pembe za ndovu ilikatiza nchi hii kavu ikiwalipa watemi hongo, na wapagazi walibeba mzigo begani hadi pwani. Salme mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, aliutetea utumwa. Wanaomsifu wasiifunike habari hiyo. Lakini wanaombeza nao waseme ni msichana gani mwingine wa jumba lile aliyethubutu kushika kalamu dhidi ya mtawala.

Baadaye alipatana na Majid, na kwa hilo Khole na Barghash wakamchukia. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaitwa Emily, na akafunga ndoa mwaka 1867. Mume alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi na ugeni.

La kusikitisha zaidi ni la mwaka 1885. Karl Peters alikuwa ameshajitwalia Usagara na nchi za jirani kwa mikataba ya hila, na manowari za Kijerumani zikaja Unguja kumtisha Sultani akubali. Bismarck aliona faida kumleta Salme pamoja nazo, kisingizio kikiwa madai yake ya urithi. Sultani wakati huo alikuwa Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua mwaka 1859. Alikataa kabisa kumwona. Salme alirudi tena mwaka 1888, asipate kitu.

Alikufa Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari, 1924, akazikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokuwa amekihifadhi.

Ombi langu ni kwa wanaoandika vitabu vya historia kwa shule zetu. Wanapofika kwa Salme, wasianzie mwaka 1866. Waanzie kwenye mfupa wa ngamia, wapite Marseilles, na wasiziruke manowari za 1885.

Msomaji wenu,
Mtumba, Dodoma.