Hasekura, Balozi wa Bwana Date

Leo nawaletea habari za mtu aliyetumwa na bwana wake, akaenda, na aliporudi akakuta ule ujumbe hauna mwenyewe. Huyo ni Hasekura Tsunenaga wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1571. Alikuwa samurai, yaani askari wa upanga aliye chini ya bwana, na bwana wake ni Date Masamune, mtawala wa Sendai, mtu wa jicho moja na tamaa nyingi.

Hasekura alikwisha pigana vita vya Korea. Lakini baba yake alishtakiwa kwa rushwa, akauawa mwaka 1613, na kwa desturi za wakati ule aibu ya baba ilimfika mwana. Mwaka uo huo Date akamteua kuwa balozi wake. Nionavyo mimi, mtu wa hali hiyo hakuwa na njia ya kukataa.

Date alitaka biashara na Mexico, iliyokuwa chini ya Uhispania, naye akaomba apelekewe mapadri. Merikebu ikaundwa, ikang'oa nanga Oktoba 1613 na watu wapatao 180. Wakavuka bahari kuu hadi Acapulco, wakaikata Mexico kwa nchi kavu, wakapanda chombo kingine hadi Uhispania. Januari 1615 Hasekura alisimama mbele ya Mfalme Philip wa Tatu, na mwezi uliofuata akabatizwa mjini Madrid. Novemba akapokewa na Papa Paulo wa Tano, na Warumi wakampa uraia wa mji wao.

Heshima tele, lakini mkataba hapana. Habari zilikwisha fika Ulaya kwamba serikali ya Shogun, mkubwa wa watawala wote wa Japani, imepiga marufuku Ukristo mwaka 1614. Mfalme akawa hana haja tena. Mwaka 1617 Hasekura akaondoka mikono mitupu. Baadhi ya wenzake walibaki Coria del Río, karibu na Seville, ambako hadi leo wako Wahispania mamia wenye jina la ukoo la Japón.

Alifika Sendai mwaka 1620. Siku zizo hizo Date, yule yule aliyeomba mapadri, akaipiga marufuku dini hiyo jimboni mwake. Basi fikiri, msomaji, huyu mtumishi alikuwa na lipi la kumwambia bwana wake? Alifariki mwaka 1622. Mwaka 1640 mwanawe Tsuneyori naye akauawa, kwa kuwa katika watumishi wake walikutwa Wakristo. Ile hati ya uraia wa Roma imo katika jumba la makumbusho la Sendai.