John Bunyan, Fundi wa Masufuria, na Kitabu Kikuukuu

Wako Wakristo wasemao ya kuwa vitabu ni kazi ya wenye elimu, nao watu wa jembe na nyundo yawatosha kusikia mahubiri siku ya Jumapili. Basi twapenda kuwaeleza habari za mtu wa nyundo, aliyetiwa nguvu kwa maneno ya mtu aliyekwisha kufa zamani. Kisha yeye naye akawaachia wengine maneno yanayowatia nguvu hata leo.

John Bunyan alizaliwa mwaka wa 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kufua na kuziba masufuria, naye mwana akajifunza kazi hiyo hiyo. Alipelekwa shule akajua kusoma na kuandika, lakini elimu yake haikuwa kubwa. Mwaka wa 1644 mama yake alikufa, na baada ya mwezi mmoja hivi dada yake pia. Mwaka ule ule akatiwa katika jeshi la Bunge, lililokuwa likipigana na mfalme. Siku moja alichaguliwa kwenda kuuzingira mji, ila mwenzake akaomba kwenda mahali pake. Huyo mwenzake akapigwa risasi ya kichwa, akafa. Bunyan hakulisahau jambo hilo, lakini wakati ule halikumgeuza moyo.

Alipotoka jeshini alioa mke maskini kama yeye. Hata sahani na kijiko hawakuwa navyo nyumbani. Mke huyo alileta vitu viwili tu alivyoachiwa na baba yake, navyo ni vitabu viwili vya kumcha Mungu. Wakavisoma pamoja jioni. Bunyan akaanza kwenda kanisani na kuacha kuapa ovyo, hata majirani wakamsifu, naye akapendezwa na sifa zao.

Hata siku moja, alipokuwa Bedford kwa kazi yake, aliwakuta wanawake maskini watatu au wanne wameketi mlangoni penye jua, wakizungumza jinsi Mungu alivyowazaa mara ya pili. Akasogea asikilize, kwa kuwa alijiona hodari wa mazungumzo ya dini. Lakini maneno yao hakuyafahamu. Akaondoka akijua ya kuwa wanawake wale wanacho kitu asicho nacho yeye.

Tangu siku ile alitafuta amani, asiipate upesi. Alitamani kusoma kitabu cha mtu wa kale aliyepita mwenyewe katika majaribu, wala si cha mtu aandikaye habari alizosikia tu. Ndipo kitabu cha Martin Luther cha kueleza Waraka kwa Wagalatia kilipomjia mkononi. Kilikuwa kimefasiriwa kwa Kiingereza tangu mwaka wa 1575, na hicho alichokipata kilikuwa kikuukuu, karatasi zake karibu kuanguka moja moja alipozifunua. Hakusoma mbali, akastaajabu: mambo ya moyo wake aliyaona yameandikwa mle, kana kwamba Luther alimjua. Akakipenda kitabu hicho kuliko vitabu vyote, ila Biblia tu.

Lakini tusidhani ya kuwa vita vyake vilikwisha hapo. Baadaye lilimjia jaribu kali kuliko yote, sauti ya moyoni ikimshurutisha mchana na usiku amwuze Kristo, kama Esau alivyouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Alikataa siku nyingi, hata akachoka, na wazo likampita moyoni kwamba Kristo na aende zake akitaka. Mara akaona amepotea milele. Zikamfikia habari zilizoandikwa za Francis Spira, mtu wa Italia aliyeikana imani akafa katika kukata tamaa, nazo zikamzidishia maumivu. Twaona hapa ya kuwa si kila maneno ya kweli yafaa kwa kila mgonjwa.

Mwisho, siku moja alipokuwa akipita shambani, alifahamishwa ya kuwa haki yake iko mbinguni, naye ni Kristo mwenyewe akaaye kuumeni kwa Mungu. Basi moyo wake ukiwa mzuri hauwezi kuiongeza haki hiyo, wala ukiwa mbaya hauwezi kuipunguza. Minyororo ikamwanguka. Mafundisho hayo ndiyo Luther aliyoyafundisha katika kitabu kile kikuukuu.

Bunyan akawa mhubiri. Mke wake wa kwanza alikufa akamwachia watoto wanne, mmoja wao kipofu, naye akamwoa Elizabeth. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1660 alikamatwa kwa kuhubiri pasipo ruhusa ya serikali. Aliambiwa atafunguliwa akiahidi kutohubiri tena, akakataa. Elizabeth alisimama mbele ya mahakimu akimwombea, asipate neno. Bunyan akakaa gerezani miaka 12, akitengeneza kamba za kufungia nguo na viatu ili watoto wale. Kumwaza mtoto wake kipofu kulimwuma kuliko kifungo chenyewe. Biblia alikuwa nayo, na kitabu cha habari za mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani.

Alifunguliwa mwaka wa 1672, na mwaka wa 1678 kitabu chake cha Safari ya Msafiri kikapigwa chapa. Rafiki zake wengine walikuwa wamemshauri asikichape, wakidhani hadithi haifai kufundishia mambo ya Mungu. Yeye akakumbuka ya kuwa manabii na Bwana wetu mwenyewe walifundisha kwa mifano. Mle tunamwona Mkristo akitua mzigo wake penye msalaba. Kisha tunamwona akifungwa katika ngome ya jitu liitwalo Kukata Tamaa, hata anapokumbuka ya kuwa anao kifuani ufunguo wa Ahadi. Gereza hilo Bunyan hakulisikia kwa watu; alikuwa amelala ndani yake.

Mwaka wa 1688 alisafiri kwa farasi kwenda kumpatanisha baba na mwanawe. Akawapatanisha, lakini njiani kuelekea London alinyeshewa na mvua nyingi, akashikwa na homa, akafa tarehe 31 Agosti. Kitabu chake kimefasiriwa kwa lugha zaidi ya 200, na Kiswahili ni mojawapo.

Ninyi walimu, ziangalieni tena karatasi zilizolala kabatini mwenu. Luther alikuwa amekufa zaidi ya miaka 100 alipomsaidia fundi yule, wala hakumjua. Nanyi hamjui ni nani katika usharika wenu anayepigana usiku peke yake, akidhani hakuna mwingine aliyejaribiwa kama yeye. Mwazimeni kitabu cha mtu aliyepita njia hiyo. Na asiyejua kusoma, someni naye. Kisha mwongozeni kutoka kitabu hicho mpaka kwenye Neno la Mungu, kwa maana huko ndiko Luther alikomwongoza Bunyan.